Samaki Asiye na Jina

Mwezi wa Februari mwaka uliopita niliwachukua wanafunzi wangu kumi na wawili, wale wanaosomea uundaji wa istilahi, nikawapeleka hadi ufuo wa Kamere ulio kando ya Ziwa Naivasha. Nia yangu ilikuwa waone jinsi lugha inavyofanya kazi mbali na ubao na chaki. Kulikuwa kumepambazuka tu, ziwa limetulia kama maji ya mtungini, na mashua za kwanza zilikuwa zikirejea. Mzee mmoja mvuvi alituinulia samaki mkubwa mwenye mgongo wa kijani kibichi, ukanda mweusi ubavuni na kinywa kipana kilichopasuka hadi nyuma ya jicho. Mwanafunzi mmoja akanigeukia na kuniuliza kwa adabu, "Mwalimu, huyu anaitwaje kwa Kiswahili sanifu?"

Msomaji mpenzi, sina budi kukiri kwamba nilinyamaza. Mimi niliyetunukiwa shahada ya uzamifu katika isimu, mimi ninayeweza kuwatajia wanafunzi changu, tafi, nguru, kolekole na papa bila kutua, sikuwa na neno la kumpa kijana yule. Nilipomtazama mzee kutafuta msaada, alicheka, akasema, "Huyu ni besi, mwalimu. Sisi tunamwita besi tu." Kalamu zikainama, wanafunzi wakaandika.

Swali lile lilinichoma kwa sababu nyingine pia. Marehemu baba yangu alipiga makasia katika ziwa hilo kwa miaka mingi, akiwabeba wageni waliokuja kumvua samaki huyo huyo kwa ufito na mshipi. Alikuwa na maneno yake ya kazi, nami nilikua nikiyasikia kila jioni tulipoota moto. Siku ile ufuoni nilijaribu kuyakumbuka hata matano. Sikuweza.

Makala haya yanamhusu samaki huyo, mlima unaolitazama ziwa lake, na maneno tunayoyapoteza kwa sababu hatwendi kuyatafuta yaliko.

Besi si mwenyeji wa maji yetu. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na aliletwa Naivasha mwaka 1929 ili walowezi wapate samaki wa kuvua kwa kujiburudisha. Perege, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la tilapia, alikuwa ametangulia mwaka 1925. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa maji yasiyo na chumvi kutoka Louisiana, na mwanzoni mwa karne hii akaingia samaki mwingine mgeni, yule mnene wa magamba makubwa ambaye punde si punde alizijaza nyavu za wavuvi. Karibu kila kinachouzwa ufuoni pale, basi, kililetwa na mkono wa binadamu.

Hata hivyo, mgeni huyu ana tabia zinazostahili kuchunguzwa. Besi huwinda kwa macho. Hujibanza kando ya mafunjo, magugu na visiki, akatulia tuli, kisha akamrukia mdogo wake kwa ghafla. Akishakuwa mkubwa humla kamba mwekundu kwa pupa. Wakati wa kuzaa ukifika, dume ndiye huandaa kiota: hupunga mkia penye maji haba hadi mchanga ukatoka na kuacha kishimo. Jike hutaga mayai humo, kisha huenda zake. Dume hubaki akiyalinda mayai, na hata watoto wakianguliwa huwachunga kwa siku kadhaa. Mzee wetu alikuwa na jina la dume huyo anayelinda kiota. Alimwita "askari". "Ukimwona askari langoni," alisema, "usimguse. Ukimtoa huyo, umeua ukoo mzima."

Huko kwao Marekani, besi huishi kwa kufuata majira manne. Majira ya kuchipua yakifika na maji yakianza kupata joto, husogea ukingoni kuzaa. Kiangazi kikipamba moto huzama kwenye kina na vivuli. Majani yanapopukutika huwafukuza samaki wadogo kwa ulafi ili anenepe, na baridi kali ikiingia hutulia chini na kula kidogo mno. Wavuvi wa huko wamelijengea kila jira msamiati wake. Lakini Naivasha iko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, jirani na ikweta, na maji yake hayafikii baridi ya namna hiyo. Besi alipohamishwa alivuliwa kalenda yake. Ilimbidi ajifunze mwaka mwingine, mwaka wa maji kupanda na kushuka.

Nami niliamua kujifunza mwaka huo pamoja naye. Nilirejea na wanafunzi wale wale mara tatu zaidi.

Safari ile ya Februari ilikuwa kiangazi. Maji yalikuwa yamepungua na kutakata, na besi alionekana asubuhi karibu na mafunjo, jua likipanda akakimbilia vivulini. Tulirudi mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea. Mto Malewa, unaotiririka kutoka milima ya Nyandarua, ulikuwa umebeba udongo wa mashamba na kuumwaga ziwani, na maji ya upande ule yalikuwa yamegeuka rangi. Mzee aliyatazama, akatikisa kichwa, akaelekeza mashua mbali na mlango wa mto. "Ziwa limekuwa chai," alisema. "Besi haoni kitu kwenye chai."

Nilishtuka kama mtu aliyeguswa begani. Hilo lilikuwa neno la baba. Nilimkumbuka akivua viatu vilivyorowa, akimwambia mama kwamba wageni wamerudi mikono mitupu kwa kuwa ziwa limekuwa chai. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi utotoni na kulidhania kuwa mzaha tu. Kumbe ilikuwa istilahi. Ndani ya neno moja mlikuwa na mvua ya milimani, mto, mmomonyoko wa udongo na tabia ya samaki anayewinda kwa macho. Mtaalamu angehitaji aya nzima kuyaeleza hayo.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Majina ya majira tunayoyafundisha shuleni yalizaliwa pwani, na mengi yaliletwa na pepo. Kaskazi ni upepo uvumao kuanzia Desemba hadi Machi, nao ndio uliosukuma majahazi kutoka Uarabuni. Kusi huvuma katikati ya mwaka na kuyarudisha. Majina ya pande za dunia yenyewe, kaskazini na kusini, yametokana na pepo hizo mbili. Kisha tuna masika, kipupwe, demani na vuli, kila moja likiwa na kazi yake katika maisha ya baharia na mkulima wa mwambao. Haya ni maneno ya watu waliolitazama anga na bahari kwa karne nyingi, nami nayaenzi.

Tatizo ni jinsi tunavyoyafundisha. Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi wa nyanda za juu, na aghalabu hukutana na mtoto wa Kinangop ambaye kaskazi imevuma katika aya yake ya kwanza na mawimbi yakapiga katika aya ya pili, ilhali hajawahi kuiona bahari. Mtoto huyo anaijua vyema baridi ya Julai inayomkausha midomo, ukungu unaofunika viazi hadi saa nne, na barafu nyembamba inayoweza kuunguza majani usiku mmoja. Hayo hayaandiki. Amefunzwa kwamba Kiswahili kizuri ni kile kinachosimulia mahali asipoishi.

Lugha za huko huko zina hazina yake. Wagikuyu, kwa mfano, huiita mvua ya masika kwa jina la njahi na ya vuli kwa jina la mwere. Njahi ni aina ya kunde nyeusi inayojulikana na kila mlaji wa Kenya. Mwere ni nafaka, na neno hilo ni ndugu wa damu wa mawele ya Kiswahili. Pwani msimu ulipewa jina na upepo kwa kuwa riziki ililetwa na upepo. Bara msimu ulipewa jina na mazao kwa kuwa riziki ilitoka shambani. Mwanafunzi akilielewa hilo, atakuwa ameelewa jambo kubwa kuhusu lugha kuliko akikariri orodha ya majira kumi.

Mwezi wa Julai tulipofika kwa mara ya tatu, nyavu zilikuwa zimeanikwa. Ziwa lilikuwa limefungwa kwa muda ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Kwa kuwa hapakuwa na uvuvi, tuliamua kuukwea Mlima Longonot, ulio umbali mfupi kutoka ziwani.

Longonot ni mlima wa volkano wenye kimo cha mita 2,776. Anayeukwea hupanda kwanza hadi ukingo wa kreta, na akiwa na nguvu huizunguka kreta nzima, mwendo wa zaidi ya kilomita saba, huku upande mmoja akiliona Bonde la Ufa na upande wa pili akiuona msitu ulio ndani ya shimo. Njia yake ni ya vumbi jepesi la majivu linaloteleza, na imekatwakatwa na makorongo. Wanafunzi walioanza kwa mbio walikuwa wameketi chini kabla ya nusu ya safari. Mimi mwenyewe, ambaye mlima wangu wa kila siku ni ngazi za kuelekea ofisini, nilipumzika mara nyingi kuliko nitakavyokiri gazetini.

Tulipokuwa tukivuta pumzi, mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Narok alituambia kwamba jina la mlima limetokana na Kimaasai, Oloonong'ot, yaani mlima wenye migongo mingi na mabonde yake. Wote tukacheka, maana magoti yetu yalikuwa yamekwisha kuitambua maana hiyo kabla masikio hayajaisikia. Alituonyesha pia kichaka chenye majani ya kijivu yanayonukia ukiyafikicha. Wamaasai hukiita oleleshwa. Kiswahili cha Kenya kimekipokea zamani na kukiita mleleshwa, wingi mileleshwa. Neno lilivuka kutoka lugha moja hadi nyingine, likavishwa kiambishi cha ngeli ya miti, likakaa. Hakuna kamati iliyoketi kulijadili. Waliolihitaji walikuwa wachungaji, wakata kuni na wachoma makaa waliokutana kichakani.

Tulifika ukingoni karibu na adhuhuri. Chini yetu ziwa lilikuwa limelala kama kioo. Kisha, kadiri alasiri ilivyosogea, upepo ulianza kushuka bondeni, na tukiwa huko juu tuliuona uso wa maji ukibadilika rangi na kujaa mistari myeupe. Yule yule wa Narok akasema, "Ndiyo hiyo, Mwalimu. Nai'posha." Naivasha ni matamshi ya kigeni ya neno hilo la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, yanayopanda na kushuka. Aliyelipa ziwa jina alikuwa amelitazama asubuhi na alasiri. Kila mvuvi wa Kamere anaijua maana hiyo hata asipojua Kimaasai, kwa sababu hutoka alfajiri na kufanya hima kurudi kabla mawimbi hayajaamka. Jina lilikuwa onyo, nasi tumelitamka maisha yetu yote bila kulisikia.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu, sisi wanaisimu. Tumezoea kuunda istilahi tukiwa tumeketi. Tunachukua orodha ya maneno ya Kiingereza, tunaweka kamusi tatu mezani, na kila neno tunalipangia mwenzake. Kazi hiyo ina nafasi yake. Lakini jina lililodumu aghalabu ni lile lililotungwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kukitazama kitu kile kila siku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tumekataa kuinama.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili si la haraka, kwamba samaki ataishi awe na jina au asiwe nalo. Naomba niwasimulie habari ya samaki mwingine. Kabla ya 1925, Naivasha ilikuwa na samaki wake mwenyewe, mdogo kama kidole, asiyepatikana penginepo duniani. Wanasayansi wanaamini kwamba kuletwa kwa besi kulichangia sana kumwangamiza. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akafa. Ametajwa katika vitabu vya wanasayansi. Nilimuuliza mzee wetu kama wazazi wake walimwita nani. Alifikiri kwa muda, akasema hakuwahi kusikia. Niliwauliza wazee wengine watatu ufuoni, nao wakatoa jibu lile lile. Kama alikuwa na jina vinywani mwa watu waliokaa kando ya ziwa, mimi nimechelewa kulisikia.

Wala ziwa lenyewe halitusubiri. Mwaka 2020 lilifurika likaingia katika makazi ya mtaa wa Kihoto, watu wakahama na mali zao vichwani. Mzee aliniambia kwamba siku hizi hawezi kuutegemea mwaka kama alivyoutegemea ujanani. Maneno ya majira yaliyojengwa juu ya mwaka uliozoeleka yanaweza kupoteza maana kabla hayajaandikwa.

Wapo pia wanaohofia kwamba tukifungua mlango, Kiswahili kitajaa maneno ya ovyo. Mathalani, "besi" lenyewe ni la Kiingereza, na tayari tunalo besi la muziki. Wengine huliandika "basi", nasi tuna basi la abiria na basi la kukatiza maneno. Mvuvi akisema "nimepata basi" hujui kama ameshiba au amepanda. Nakubali kwamba hapo pana kazi ya msanifishaji. Hata hivyo, msanifishaji mwema huanza kwa kusikiliza. Kama wavuvi wamekwisha kusema "besi", na wanaelewana, sioni sababu ya kuwatungia neno refu litakaloishi katika kamusi pekee. Na "chai" na "askari" ni Kiswahili ambacho kila mtoto anakijua. Kilichoongezwa ni jicho la mvuvi.

Najua hoja ya mwisho ya walimu: muda hautoshi, nauli haipo, mtihani unabisha hodi. Siwaombi mwende Naivasha. Kila shule ya nchi hii iko karibu na mto, kilima, shamba, karakana au soko. Mpe mwanafunzi daftari, mtume kwa mtu mmoja anayefanya kazi kwa mikono yake, amwulize maneno kumi ya kazi hiyo na sababu ya kila neno. Amwendee tena mvua zikianza na tena zikiisha, maana kuna maneno ambayo hayasemwi mpaka msimu wake ufike. Mimi nisingelipata neno "chai" mwezi wa Februari hata ningeuliza kutwa nzima.

Safari yetu ya nne ilikuwa Novemba, wakati wa vuli. Maji yalikuwa yamepanda na kufunika nyasi za ukingoni, na besi alikuwa ameingia humo akifuata wadudu na kamba. Wanafunzi walikuwa na maneno thelathini na manane katika madaftari yao. Mengine yatathibitika, mengine yatakataliwa, mengine huenda ni ya mzee huyo peke yake. Tuliketi mashuani tukamsomea orodha nzima, naye akasahihisha matatu na kuongeza moja.

Kisha akaniuliza baba yangu alikuwa nani. Nilipomtajia jina alinyamaza kidogo, akaweka kafi chini, akasema kwamba alimfahamu, kwamba waliwahi kupiga makasia mashua moja. "Mbona hukusema tangu Februari?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu la maana. Nilifungua ukurasa mpya wa daftari nikamwomba aanze.